Taja Kabla ya Kugusa

Nyinyi vijana mna swali moja mnalolipenda sana siku hizi, na mnaliuliza mkiwa mmekunja nne. Masanja, mtoto wa kaka yangu, aliniuliza Jumapili iliyopita hapa barazani kwangu Masumbwe, mdomo umejaa michembe ya viazi na karanga.

“Lakini shangazi, hawa wanawake kwa nini hawasemi? Bosi anamshikashika mtu mwaka mzima, mtu kanyamaza kimya. Mimi ningesema siku ileile.”

Wewe ungesema. Haya, baba.

Swali lilitokana na habari ya redioni, binti mmoja amemshtaki bosi wake. Kabla ya habari hiyo Masanja alikuwa ananisimulia mambo ya kazini kwake, ofisi ya kampuni ya malori pale Kahama. Wana meneja ambaye kila asubuhi akipita mapokezi lazima amnyooshee binti wa pale kamba ya kitambulisho shingoni, huku akimwita mke mdogo. “Mzee ana utani huyo!” akasema, akacheka mpaka karanga zikampalia. Nikampigapiga mgongoni, nikampa maji. Kisha nikamwambia atulie nimsimulie kazi iliyonipa kiinua mgongo, maana michembe yangu anakuja kuila kila mwezi lakini hajawahi kuuliza shangazi yake alikuwa anafanya nini huko mgodini. Na nyinyi wengine sogeeni msikie.

Nilikuwa mkaguzi. Si wa mahesabu, msinitukuze. Nilikuwa nakagua wanawake mwilini wakati wa kutoka kwenye mtambo wa kuchenjulia dhahabu, katika mgodi mmoja wa ukanda wetu huu ambao siutaji jina, kwa sababu nimezeeka kwa amani na sitaki kuitwa mahali.

Mtambo ule ulikuwa na upande mchafu na upande safi. Upande mchafu ndiko kwenye kazi. Unaingia huko na ovaroli ya kampuni na buti za kampuni, na ukimaliza shifti buti unaziacha hukohuko kwenye kabati lako la chuma. Unapita chumba cha ukaguzi na ovaroli, unaivua hapo, ndipo unavaa nguo zako na kandambili zako upande safi, unakwenda nyumbani. Buti ya kazi haitoki. Imenunuliwa humo, inachakaa humo, inatupwa humo. Likumbukeni hilo la buti, nitalirudia.

Mtaani walitucheka sana. “Kazi yenu kupapasa watu!” Mpapase nyinyi basi, tuone mtapata nini. Kazi ile ilikuwa na ufundi wake. Nywele zilizosukwa unazipitia mstari kwa mstari kwa ncha za vidole bila kumfumua mtu. Pindo la nguo unalibonyeza taratibu, mchanga ukiwemo unasagika chini ya kidole. Chupa ya chai unaipima uzito kwa mkono kabla ya kuifungua. Nimewahi kumkuta mfagiaji mmoja ana andazi lililong’atwa pembeni, linaonekana ni kiporo cha asubuhi, kumbe katikati amelichimba na kulijaza mchanga wenye dhahabu. Nikamwambia, “Dada, malizia andazi lako hapahapa twende, gari linaondoka.” Alilitazama lile andazi kwa huruma kama mtoto anayeagwa. Mpaka leo nikiona andazi nacheka peke yangu.

Aliyenifundisha ni Mama Sado, mwanamke wa Segese, mnene, sauti ya chini, mikono myepesi. Siku yangu ya kwanza alinipa glavu akaniacha nijaribu. Akaja dada mmoja wa maabara aitwaye Kwangu, mrefu, asiye na masihara. Mimi na ushamba wangu nikamshika kiuno bila kusema neno. Akanizaba kofi, kofia yangu ngumu ikadondoka chini ikazunguka. Nilimgeukia Mama Sado nikitegemea atamgombeza. Alinigombeza mimi.

“Mayu, mama wewe, huyu si robota la pamba unalolipapasa kutafuta mawe. Huyu ni mtu. Taja kabla ya kugusa.”

Hiyo ndiyo ilikuwa sheria yake, na alinifundisha mpaka ikaniingia usingizini. Mtu anasimama, miguu imeachana kidogo, macho ukutani. Wewe unasema kwa sauti kavu: bega la kulia. Ndipo unagusa bega la kulia. Mgongo. Unagusa mgongo. Kiuno. Mkono unafuata mdomo, hautangulii. Na mkaguzi wa pili anasimama pembeni anasikia. Mama Sado alisema ukitaja, anayekaguliwa anajua, mwenzako anajua, na mkono wako wenyewe unajua mwisho wake uko wapi. Kwangu alikuja tena kesho yake, nikataja kila kitu mpaka kisigino. Akaniambia ahsante, tukawa marafiki.

Sasa tuje kwa mkubwa wetu. Mkuu wa ulinzi wa mtambo alitaka aitwe Afande, nasi tulimwita hivyo, ingawa jeshi alilisikia redioni tu. Tumbo lilitangulia, filimbi shingoni, simu za upepo mbili kiunoni, moja haikuwa na betri. Akipita anapiga hatua za gwaride kwenye lami ya kampuni. Msicheke bado. Bwana huyu alikuwa mlezi wa kwaya ya kanisa lao na mfadhili wa timu ya mpira ya mgodi. Jezi zote alinunua yeye. Kila harambee jina lake lilisomwa la kwanza, na watu wakageuka kumtazama anavyoinamisha kichwa kwa unyenyekevu. Mtu kama huyo akikushika mkono, ujue ameushika pamoja na kwaya nzima, timu nzima na wazee wa kanisa.

Alikuwa na kitu chake alichokiita ukaguzi wa pili. Utaratibu wa mgodi uliruhusu mtu anayeshukiwa aitwe akaguliwe tena. Mwanaume akishukiwa, Afande anawatuma walinzi. Mwanamke akishukiwa, Afande anamwita ofisini kwake mwenyewe na kufunga mlango. Utaratibu ulisema tuitwe sisi. Sisi tulikuwepo, tumekaa kwenye benchi upande wa pili wa ukuta, tunapiga miayo. Na ajabu ni kwamba walioshukiwa walikuwa mabinti wazuri tu. Sijui dhahabu ilikuwa na kisirani gani na wanawake wa umri wangu, hatukushukiwa kabisa.

Haya, Masanja, nikamwambia, sasa wewe ndiye binti. Umetoka ofisini kwa Afande, vifungo vya ovaroli umevifunga vibaya. Sema. Unamwambia nani?

Lilikuwepo sanduku la maoni, usidhani mgodi ulikuwa wa kishenzi. Lilipigiliwa ukutani likitazamana na mlango wa Afande, na ufunguo wake ulikuwa kwenye bunda lake la funguo, kwa sababu sanduku ni mali ya kampuni na ulinzi wa mali ndiyo kazi yake. Lilikuwepo na bango la rangi limeandikwa usiogope, toa taarifa, lina picha ya mwanamke anatabasamu na simu sikioni. Simu yenyewe ililia chumba cha walinzi.

Utamwambia mume? Mume ataanza kwa kuuliza ulivaa nini. Ulivaa ovaroli, bwana, iliyoshonwa kwa vipimo vya dereva wa greda, hata mimi mkaguzi nilikuwa nahangaika kujua mtu ameanzia wapi. Utamwambia mzee wa kanisa? Atakuambia mkaombe pamoja, wewe na mlezi. Utawaambia wenzako? Wapo watakaokuonea huruma, na wapo watakaosema una bahati, mwenzetu sasa utapanda cheo. Na wote hao ni wadogo bado. Kubwa lilikuwa mchanga.

Sikilizeni, kwa sababu hili mtu wa Dodoma au Dar es Salaam halielewi. Huku kwetu mtu anaweza kuitwa mlevi, mzinzi, mvivu, na akaendelea kupata kazi. Akiitwa mwizi wa dhahabu amekwisha. Jina linatembea kutoka geti moja hadi jingine, kutoka Geita hadi Buzwagi, na hataajiriwa hata kufagia. Na kumfanya mtu mwizi wa dhahabu si kazi. Ni kubana mchanga kidogo kwa vidole viwili, ukaumwaga kwenye kitu chake. Afande alikuwa na mchanga, funguo za makabati yetu yote, na walinzi wa kushuhudia. Hakuwa na haja ya kumtishia mtu kwa maneno. Alikuwa anazichezea tu zile funguo.

Ndipo akaja Minza. Huyu alikuwa binti wa vijiji vya Segese, kazi yake kubeba sampuli kutoka mtamboni kupeleka maabara. Mcheshi wa chini kwa chini. Kila asubuhi anatuamkia “Mwangaluka mayu” kwa adabu, halafu anapita akiigiza gwaride la Afande mpaka tunaficha nyuso. Kwa mshahara wake, mdogo wake wa kiume, Shija, alikuwa anasoma chuo cha ualimu. Ndiyo habari aliyokuwa nayo siku zote, Shija amefaulu hiki, Shija anakwenda mazoezini kufundisha.

Siku moja akaja kwenye ukaguzi, akasimama, macho ukutani. Nikataja bega la kulia. Nikataja mgongo. Nilipotaja kiuno, kabla mkono wangu haujafika, akaanza kutetemeka mwili mzima. Nikarudisha mikono yangu nyuma. Mama Sado aliyekuwa anasimamia akasogea.

“Nini, mwanangu? Amekuumiza?”

Minza akatikisa kichwa. “Hapana. Nyinyi mnataja,” akasema. “Yeye hataji.”

Hatukuuliza yeye ni nani.

Mama Sado alimketisha kwenye benchi akamwambia kila kitu bila kukipaka sukari. Akinyamaza, Afande ataendelea. Akisema, watamtafutia mchanga. Minza akajipangusa macho kwa mkono wa ovaroli.

“Wautafute. Mimi siibi.”

Alikuwa bado anaamini kwamba asiyeiba hakutwi na kitu. Kesho yake akaenda ofisi ya utumishi, mimi na Mama Sado tukiwa nyuma yake, akaeleza. Wakamsikiliza vizuri sana. Wakampa na maji ya kunywa. Wiki hiyohiyo Afande mwenyewe, akiwa na walinzi wake, alifanya msako wa kushtukiza kwenye makabati. Kabati alilofungua la kwanza lilikuwa la Minza, na ndani ya buti ya kushoto mkakutwa mchanga wenye dhahabu, umefungwa kwenye karatasi ya nailoni.

Kwenye buti! Buti ambayo haitoki! Mtu aibe dhahabu, aihamishe kutoka upande mchafu, aifiche upande mchafu, kwenye kiatu kitakachozeekea upande mchafu. Afande alisimamia ukaguzi miaka yote hiyo na hakuwahi kuufanya hata siku moja, ndiyo maana hakukumbuka kuutupia huo mchanga kwenye kandambili. Habari ilipofika kanteeni, mpaka waosha vyombo walicheka. Tukasema hapa amejinasa mwenyewe. Tulikuwa wajinga sisi pia, tulidhani shida ya kamati ni kutojua.

Kamati ya nidhamu ilikaa. Wanaume watupu, na mwanamke mmoja aliyeambiwa alete chai. Mwenyekiti alikuwa mtu mzima wa miwani, kwenye ile kwaya ya Afande ndiye aliyeimba besi. Tuliitwa mimi na Mama Sado kama wakaguzi, tukapangwa ukutani.

“Binti,” mwenyekiti akaanza kwa upole wa kanisani, “haya unayosema yalitokea zaidi ya mara moja. Kwa nini hukupiga kelele?”

Mwenyekiti akageuza karatasi.

“Na kwa nini kesho yake ulirudi?”

Alirudi kwa sababu ni kazini, mzee. Wewe ukigombana na mkeo kesho yake huendi kazini? Hayo niliyasema moyoni. Minza alikuwa anaangalia mikono yake. Mwingine akasema unaona, hana jibu. Wakaanza kutazamana kwa macho ya kumaliza kikao.

Hapo Minza akasimama. Akaachanisha miguu kidogo, mikono akaiweka pembeni, macho akayapeleka ukutani juu ya vichwa vyao, vilevile kama anavyosimama mbele yetu kila jioni. Akatumia sauti yetu ile kavu.

“Bega la kulia,” akasema. “Mgongo. Akafunga mlango. Kifua. Kifungo cha kwanza. Kiuno.”

Akaendelea kushuka. Hakulia, hakupandisha sauti. Kijiko kimoja kiligonga kikombe, mwenyewe akakishika haraka. Mama Sado alinibana mkono mpaka damu ikasimama. Alipofika mwisho Minza akawatazama mmoja mmoja.

“Yeye hakutaja hata kimoja. Nimewatajia mimi.”

Mwenyekiti akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

“Hayo tumeyasikia,” akasema. “Sasa tuzungumzie buti.”

Wallahi mimi ni Mkristo lakini siku ile niliapa Kiislamu. Mama Sado akasema kutoka ukutani, “Baba, buti haitoki. Mnajua haitoki. Hata za kwenu ziko kule.” Na walijua! Walikuwa wanavua buti zao mle kila siku ya Mungu. Wote waliangalia chai. Mmoja, kijana msomi kabisa, akasema huenda mtuhumiwa alikuwa na mpango wa baadaye. Mpango wa baadaye na buti. Minza alifukuzwa kazi kabla chai haijapoa, kwa wizi wa dhahabu, na malalamiko yake yakaandikwa kuwa ni ya mtu aliyekuwa anajihami.

Haikupita muda, tukiwa kwenye foleni ya chakula kanteeni, Afande akaingia na gwaride lake. Akapita nyuma ya Kwangu, yule wa maabara aliyenizaba kofi, akamwekea mkono begani. “Vipi mrembo, leo wali maharage?”

Kwangu hakugeuka. Alishika sahani yake akitazama mbele, akasema kwa sauti ambayo hata wapishi jikoni waliisikia, “Bega la kushoto.”

Mkono ukateleza kidogo.

“Mgongo,” akasema Kwangu.

Vijiko vikasimama. Mama Sado alikuwa ameketi mbali kwenye meza ya pembeni, mdomo umejaa wali. Akameza, akaita, “Kiuno!” Mkono ulikuwa haujafika huko, lakini ulikuwa njiani, na watu wote waliuona ukirudi. Afande akacheka, akasema nyie kina mama mna utani. Hakuna aliyecheka naye.

Tangu siku hiyo akipita popote walipo wanawake, tunataja. Amesimama. Mkono wa kulia. Ameinama. Mpaka wafagiaji waliojifunza jana wanataja. Hakuweza kutushtaki, maana angetushtaki kwa kosa gani, kusema bega? Na kuwatia mchanga wote asingeweza, mchanga wenyewe usingetosha. Mwisho wake akaomba uhamisho. Walimfanyia sherehe, wakakata keki, kwaya ikamwimbia.

Msinipigie makofi. Ninaona mnataka kupiga makofi. Sisi tuliobaki tulipata nafuu, lakini jina la Minza halikusafishwa na mtu. Yuko Segese, ana cherehani, anashona sare za shule. Shija aliacha chuo, sasa anaponda mawe kwenye karasha, mashine za watu za kusaga mwamba. Kila mgodi unapotangaza nafasi, Minza anapeleka maombi, na kila geti linamrudisha. Nilikwenda kwake mwezi uliopita anipime gauni. Alishika futi kamba akasema “bega”, ndipo akagusa bega. Akasema “kiuno”, ndipo akagusa kiuno. Hatukuzungumza habari hiyo. Nilirudi Masumbwe nikilia njia nzima.

Kwa hiyo hilo swali lenu la kwa nini hawasemi msinipelekee Minza. Minza alisema. Kapelekeeni wale waliokuwa wanaangalia chai.

Nilipofika hapo Masanja alikuwa ameacha kutafuna. Akatikisa kichwa kwa uchungu. “Hao wanaume wa kamati walikuwa waoga sana, shangazi.”

“Waoga kweli,” nikasema. “Yule binti wenu wa mapokezi anaitwa nani?”

“Nani? Anaitwa Neema.”

“Bosi akimnyooshea kamba shingoni, naye huwa anacheka?”

Akafikiri. “Hapana. Huwa anaangalia kompyuta.”

“Na wewe huwa uko wapi?”

“Niko palepale. Meza ya pili.”

“Kesho ni Jumatatu,” nikamwambia. “Utasema?”

Masanja akaanza kueleza kwamba mzee ni mtu wa utani tu, na kwamba mkataba wake unakwisha mwezi ujao na mzee ndiye wa kuuhuisha, na kwamba Neema mwenyewe hajalalamika. Nikamwacha aeleze. Maelezo yalipokwisha nikaendelea kumtazama, nikingoja jibu.

Akanyamaza. Na yeye shingo yake haijaguswa na mtu.